Dirty COW kwenye seva kuukuu: kutoka dalili hadi chanzo

Seva ya Linux iliyosimikwa mwaka 2014 na kusahauliwa chini ya meza ya mhasibu bado inachapa kazi, na ndiyo maana udhaifu wenye nambari CVE-2016-5195, maarufu kwa jina la Dirty COW, unaompa mtumiaji wa kawaida mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mashine), haujazikwa. Ulitangazwa Oktoba 2016, na viraka (marekebisho ya kuuziba) vikatoka siku hizohizo. Tatizo ni mashine ambazo hazikuguswa tangu wakati huo: CentOS 6 iliyoishiwa huduma mwishoni mwa Novemba 2020, Ubuntu 14.04, simu za zamani, VPS (seva pepe za kukodi) za bei poa zinazoendeshwa juu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ya mtu mwingine.

Mwongozo huu ni wa anayerithi mashine za namna hiyo. Amekuta kitu kisichoeleweka, au skana ya usalama imempigia kelele, na anataka kujua aanzie wapi. Nitakwenda kwa dalili. Lakini bila kuelewa kidogo kinachotokea ndani ya kerneli utakuwa unabahatisha, kwa hiyo tuanze huko.

## Kinachotokea ndani

Dirty COW ni udhaifu wa kinyang'anyiro. Nyuzi mbili (threads, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba) za programu moja zinagombea sehemu moja ya kumbukumbu, na matokeo yanategemea nani kamtangulia mwenzake.

Programu ya mtumiaji wa kawaida inaomba faili ambayo haina ruhusa ya kuiandika, tuseme `/etc/passwd` yenye orodha ya watumiaji, iwekwe kwenye kumbukumbu yake kama ramani binafsi. Hilo ni halali, kwani kusoma kila mtu anaruhusiwa. Programu ikilazimisha kuandika hapo kupitia `/proc/self/mem` (faili maalumu inayowakilisha kumbukumbu ya programu yenyewe), kerneli haiigusi faili yenyewe. Inatengeneza nakala ya ukurasa ule, yaani kipande kile cha kumbukumbu, na kuelekeza maandishi kwenye nakala; hiyo ndiyo COW, "copy-on-write", nakili unapoandika. Nakala ni ya programu ile peke yake, faili halisi inabaki salama.

Mchukulie karani wa masijala. Unataka kuchorachora daftari la serikali, anakukatalia, anakutolea fotokopi: chora hapo. Akishaitoa, anafuta kwenye karatasi yake yale maneno "huyu anataka kuandika", maana kwake suala limekwisha. Anageuka kuichukua fotokopi akukabidhi. Wakati huo mwenzako ameshaikwapua na kuitupa. Karani haioni, anatazama karatasi yake, haioni tena kwamba ulitaka kuandika, anadhani unataka kusoma tu, anakusogezea daftari lenyewe. Kalamu bado iko mkononi mwako.

Ndani ya kerneli, hayo "maneno kwenye karatasi" ni alama iitwayo `FOLL_WRITE`. Baada ya nakala kutengenezwa, kerneli iliiondoa alama hiyo ili isizunguke milele ikiomba ruhusa isiyokuja. Mwenzako mkwapuaji ni uzi wa pili unaoita `madvise` na agizo la `MADV_DONTNEED` mfululizo, kumaanisha "kurasa hizi sizihitaji, zitupe". Upenyo kati ya kuondoa alama na kurudi kuutafuta ukurasa ni mdogo sana, lakini kompyuta haichoki kujaribu. Mara moja ikipatia, maandishi yanatua kwenye ukurasa halisi wa faili ulioko kwenye kashe ya kerneli, na kutoka hapo yanashushwa kwenye diski kama maandishi mengine yoyote.

Dosari hii iliingia rasmi kwenye toleo 2.6.22 la mwaka 2007. Historia yake ni ya kusikitisha kidogo: Linus Torvalds mwenyewe alieleza kwenye kiraka cha 2016 kwamba alishajaribu kuiziba mwaka 2005, kiraka kile kikaondolewa kwa sababu kilileta shida kwenye mashine za s390 za IBM, na kinyang'anyiro kilichokuwa cha kinadharia kikaja kuwa rahisi kukipata kadiri kerneli ilivyobadilika. Kiraka cha safari hii kiliacha mchezo wa kuondoa `FOLL_WRITE`. Kimeweka alama mpya, `FOLL_COW`, na kerneli inakubali kuendelea pale tu inapojiridhisha kwamba ukurasa ulio mbele yake ndio nakala kweli. Kwenye kerneli za asili, zisizobadilishwa na wasambazaji, kiliingia katika 4.8.3, 4.7.9 na 4.4.26.

Phil Oester, aliyeigundua, hakuipata kwa kusoma msimbo. Alikuwa akihifadhi mawasiliano yote ya HTTP yanayoingia kwenye seva, na humo akaikuta programu ya shambulizi ikiwa tayari inatumika. Yaani wavamizi walitangulia.

## Dalili: mtumiaji wa kawaida amekuwa root, na logi ziko kimya

Usitafute kosa kwenye `dmesg` wala `/var/log/auth.log`. Kwa mtazamo wa kerneli hakuna kilichovunjwa: programu ilifungua faili kwa kusoma, ikaita `madvise`, ikaandika kwenye kumbukumbu yake yenyewe. Kimya cha logi si ushahidi kwamba hakuna kilichotokea.

Shahidi wako ni faili zenyewe. Anza na mistari ya juu ya `/etc/passwd`:

    head -3 /etc/passwd

Programu moja ya shambulizi iliyosambaa sana inabadilisha mstari wa root kuwa na jina na nywila mpya. Sasa, njia hii ya kuandika haiwezi kurefusha faili hata kwa herufi moja. Inaweza tu kufunika herufi zilizopo. Mstari mpya ni mrefu kuliko wa zamani, kwa hiyo unakula mstari unaofuata. Mahali palipokuwa na

    root:x:0:0:root:/root:/bin/bash
    daemon:x:1:1:daemon:/usr/sbin:/usr/sbin/nologin

utakuta kitu cha aina hii (nyota nimeweka mimi mahali pa nywila iliyofichwa):

    firefart:*:0:0:pwned:/root:/bin/bash
    on:/usr/sbin:/usr/sbin/nologin

Kipande hicho cha "on:/usr/sbin" ndicho kinachoiumbua. Jina la juu mvamizi anaweza kulibadilisha apendavyo, ila mstari wa pili uliokatwa kichwa ni vigumu kuueleza kwa njia nyingine. Msimamizi aliyekosea kwenye `vi` huacha makosa ya aina tofauti. Angalia pia kama kuna `/tmp/passwd.bak`; programu ile huweka nakala ya faili halisi hapo, na wengi husahau kuiondoa.

Dalili nyingine ya jamii hii huripotiwa na mtumiaji asiye na hatia: "nimeandika `passwd` nibadilishe nywila, haijaniuliza kitu, imenipa alama ya `#`." Hiyo si hitilafu ya nywila. Kuna programu ya shambulizi inayofunika `/usr/bin/passwd` kwa programu ndogo ya kufungua ganda (shell, sehemu ya kuandikia amri), na kwa kuwa faili ile ina biti ya setuid, inayoifanya iendeshwe kwa mamlaka ya mwenye faili ambaye ni root, yeyote atakayeiita anakuwa root. Nakala ya asili huachwa kwenye `/tmp/bak`.

Baada ya hapo kagua vifurushi vyote. Kwenye jamii ya Red Hat ni `rpm -Va`, kwenye Debian na Ubuntu ni `debsums -c`. Matokeo ya `rpm` yasome herufi kwa herufi, maana yanasema mengi:

    S.5....T.  c /etc/ssh/sshd_config
    ..5......    /usr/bin/passwd

Mstari wa kwanza ni wa kawaida kabisa: faili ya mipangilio imehaririwa na mtu, ukubwa umebadilika (S), yaliyomo yamebadilika (5), muda umebadilika (T). Wa pili ndio wa kukunyima usingizi. Yaliyomo si yale, lakini ukubwa ni uleule na muda haujasogea. Maandishi ya Dirty COW hayapiti mlango wa kawaida wa kuandika faili, kwa hiyo muda wa faili mara nyingi haubadiliki. Na mvamizi akirudisha faili ya asili kutoka `/tmp/bak` utaona kinyume chake: T peke yake, bila 5. Kwa programu ya mfumo ambayo hakuna aliyeisasisha, hiyo nayo idai maelezo.

Tahadhari moja. Orodha ya alama za uhakiki iko kwenye diski ileile ambayo mvamizi ameshakuwa bwana wake. Uhakiki wa kuaminika ni ule unaofanywa baada ya kuwasha mashine kwa diski ya nje, au kuitundika diski yake kwenye mashine safi.

Na hata ukikuta faili zote ni safi, usiipe mashine cheti. Kuna namna ya kushambulia isiyogusa diski kabisa: inaandika kwenye vDSO, kipande kidogo cha msimbo ambacho kerneli inakiweka ndani ya kila programu. Programu ya root ikiita saa, inaendesha msimbo wa mvamizi. Ukiwasha mashine upya, kila alama inapotea.

Hapo ndipo penye mvutano. Kiraka kinataka mashine iwashwe upya, ushahidi unataka isizimwe. Msimamo wangu: kama unashuku kwa dhati, chomoa mtandao kwanza, chukua picha ya mashine pamoja na kumbukumbu yake kama ni mashine pepe, kisha jenga mpya. Kusafisha mashine ambayo mtu ameshakuwa root juu yake ni kazi ya kujifariji.

## Dalili: seva inaganda bila sababu, muda mfupi baada ya mtu kuingia

Programu za kwanza za shambulizi hazikuwa tulivu. Zilifanikiwa kupata root, halafu dakika chache baadaye mashine nzima ikaganda, pale kerneli ilipojaribu kushusha kwenye diski ukurasa ambao haukutakiwa kuwa umeandikwa. Kwa msimamizi ilionekana kama RAM mbovu au diski inayokufa, na nadhani kuna RAM nyingi nzima zilizobadilishwa bure msimu ule.

Wavamizi walipata dawa yao: kuiambia kerneli iache kushusha kurasa kwa ratiba. Dawa hiyo inaacha alama, ikague:

    cat /proc/sys/vm/dirty_writeback_centisecs

Thamani ya kawaida ni 500, yaani kila sekunde 5. Ukikuta 0, uliza nani ameiweka. Zipo sababu halali, kwa mfano vifaa vya kuokoa betri kwenye kompyuta za mapajani hucheza na thamani hii. Kwenye seva ya rafu isiyo na betri ya kuokoa, na ambayo `/etc/sysctl.conf` yake haisemi lolote kuhusu jambo hilo, 0 ni alama ya mkono wa mtu. Iangalie kabla ya kuwasha upya, kwa sababu baada ya hapo inarudi 500.

Kama thamani ni 500, faili ni safi na hakuna mtumiaji wa ziada, basi ndiyo, rudi kwenye RAM na diski.

## Dalili: sasisho nimeweka, skana bado inalia

Hii ndiyo inayokula muda wa watu wengi, na chanzo chake si kimoja.

Mashine haijawashwa upya. Kifurushi kipya kiko kwenye diski, kerneli ya zamani iko kwenye kumbukumbu. Linganisha `uname -r` na kilichosakinishwa. Ubuntu huacha faili `/var/run/reboot-required`. Kwenye Red Hat na CentOS 7 kuna `needs-restarting -r` ndani ya kifurushi cha yum-utils.

Umeiwasha, ikarudi na kerneli ileile. Tazama `df -h /boot`. Kwenye Ubuntu za zamani sehemu hii ilitengwa ikiwa ndogo, kerneli zikarundikana, na ile mpya ikasakinishwa nusu. `dpkg -l 'linux-image*'` itakuonyesha: hali ya `ii` ni nzima, `iF` au `iU` haikumaliza. Ondoa za zamani kwa `apt-get autoremove --purge`, kisha `apt-get -f install`. Kama `/boot` ina nafasi, mtuhumiwa anayefuata ni GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwashia mashine: kuna aliyewahi kuifunga kwenye kerneli fulani kwa sababu ya draiva moja, akaondoka kazini. Kagua `GRUB_DEFAULT` kwenye `/etc/default/grub`, au `grubby --default-kernel` kwa upande wa Red Hat.

Namba zinakudanganya. Hapa ndipo wengi wanapotea. Mtu anasoma kwamba kiraka kiko 4.4.26, anaona mashine yake ni 3.10, anapata presha. Au anasoma kwamba dosari ilianza 2.6.22, anaona RHEL 5 (Red Hat Enterprise Linux) yake ni 2.6.18, anapumua. Wote wawili wamekosea. Wasambazaji huchukua mabadiliko ya kerneli mpya na kuyarudisha kwenye za zamani bila kubadilisha namba ya mwanzo. Kwa njia hiyo RHEL 5 ilibeba dosari iliyo changa kuliko namba yake, na RHEL 7 ilibeba kiraka kilicho kichanga kuliko namba yake. Soma mkia wa namba, si kichwa. Kuanzia hizi kwenda mbele, Dirty COW imezibwa:

- RHEL na CentOS 7: 3.10.0-327.36.3.el7
- RHEL na CentOS 6: 2.6.32-642.6.2.el6
- RHEL 5: 2.6.18-416.el5
- Ubuntu 16.04: 4.4.0-45.66
- Ubuntu 14.04: 3.13.0-100.147
- Ubuntu 12.04: 3.2.0-113.155
- Debian 8: 3.16.36-1+deb8u2

Debian ina mtego wake. `uname -r` itakujibu `3.16.0-4-amd64` kabla ya kiraka, na itakujibu vilevile baada ya kiraka. Toleo halisi liko kwenye `uname -v`. Skana inayosoma `uname -r` peke yake haiwezi kujua tofauti, na utabishana nayo hadi jioni. Kwenye Ubuntu, `cat /proc/version_signature` inatoa namba kamili.

Kiraka kimewekwa mashine ikiwa hewani. Canonical, wenye Ubuntu, walizindua huduma yao ya Livepatch Oktoba hiyohiyo ya 2016; Red Hat wana kpatch, Oracle wana Ksplice. Kwa njia hizi kerneli inatibiwa bila kuzimwa, na `uname -r` haibadiliki. Uliza chombo husika: `canonical-livepatch status`, `kpatch list`, au `uptrack-uname -r`.

Kerneli si yako. Ukiwa ndani ya kontena la Docker, `uname -r` inaonyesha kerneli ya mwenyeji. Unaweza kusasisha vifurushi ndani ya kontena mpaka asubuhi, hakuna kitakachobadilika. Hali ni ileile kwa VPS zinazotumia OpenVZ, ambazo ziliuzwa sana kwa sababu ya bei. `systemd-detect-virt` ikijibu `openvz`, `lxc` au `docker`, dawa iko kwa mwenye mashine ya chini. Mwandikie, mtake akutajie toleo kamili la kerneli, na kama anajiumauma, hama. Hapa jambo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu ile njia ya vDSO ilionyeshwa ikitoka ndani ya kontena na kumfikia mwenyeji: vDSO ni moja kwa wote wanaoishi juu ya kerneli ile. Jirani yako asiye makini ni tatizo lako.

Hazina ya vifurushi imehama. Kwenye CentOS 6, `yum update` inakwama kwa kutopata anwani. Matoleo yaliyoishiwa huduma yalihamishiwa vault.centos.org, hariri faili zilizo chini ya `/etc/yum.repos.d/` zielekee huko na utaipata kerneli iliyozibwa. Ichukulie kama bandeji ya kukufikisha kwenye mfumo mpya. Udhaifu uliogunduliwa baada ya huduma kufungwa hautazibwa na mtu.

## Dalili: jaribio linasema "salama" leo na "hatarini" kesho

Kuna programu za majaribio zinazojaribu kuandika kwenye faili ya kusomwa tu kisha kuangalia kama imebadilika. Ikibadilika, umepata jibu la uhakika. Isipobadilika, hujapata jibu.

Kinyang'anyiro kinategemea bahati ya ratiba: prosesa ngapi zipo, mzigo ukoje, kerneli imempa zamu nani. Kwenye VPS yenye prosesa moja nyuzi mbili hazikimbii sambamba kweli, zinapokezana, na upenyo unapatikana kwa shida zaidi. Shida si kinga. Mvamizi anaweza kuacha programu yake ikizunguka usiku kucha.

Kisha kuna chanzo kingine cha majibu ya kupingana. Programu ya kwanza iliyosambaa iliandika kupitia `/proc/self/mem`. Kwenye RHEL 5 na 6 mlango huo haukubali kuandikwa, kwa hiyo jaribio lilishindwa na watu wakafurahi. Lakini kerneli zao zilikuwa na dosari ileile, na mlango wa `ptrace`, ambao programu moja hutumia kuigusa kumbukumbu ya nyingine, ulikuwa wazi. Programu zilizofuata zikapita hapo.

Kwa hiyo usilitegemee jaribio. Na usiliendeshe kwenye seva inayohudumia watu; umeshasoma hapo juu kuhusu kuganda. Kwenye udhaifu wa aina hii swali lenye maana ni moja tu, kerneli gani iko kwenye kumbukumbu sasa hivi, na jibu lake unalipata bila kushambulia chochote.

## Dalili: gdb na skana ya virusi zimekufa baada ya kuweka kinga ya muda

Kabla viraka havijafika kwa kila mtu, Red Hat walitoa kinga ya SystemTap: kijiprogramu kinachojipenyeza kwenye kerneli na kuzuia milango miwili inayotumiwa na shambulizi, uandishi kwenye `/proc/self/mem` na wito wa `ptrace`. Kinga inafanya kazi, ila gdb na strace (zana za kuchunguza programu) na baadhi ya skana za virusi nazo hupita milango hiyohiyo kwa nia njema. Zikianza kulalamika ghafla, angalia `lsmod` kama kuna moduli ya `stap`.

Kinga hiyo hufa mashine ikizimwa. Nimeona watu wakiihesabu kama kiraka, umeme ukakatika, jenereta likachelewa, na seva ikarudi hewani ikiwa uchi. Kama kerneli imeshasasishwa, iondoe. Haina kazi tena.

## Simu

Android inatumia kerneli ya Linux, na Dirty COW ilizipata nazo. Hapa hakuna `uname` ya kuhangaika nayo: fungua mipangilio, nenda kwenye sehemu ya kuhusu simu, tafuta tarehe ya kiraka cha usalama. Ikiwa 5 Desemba 2016 au baadaye, dosari hii imezibwa. Ikiwa kabla, au mstari huo haupo kabisa, ichukulie kuwa wazi.

Dalili kwenye simu ni za kuchanganya kwa sababu zinafanana na za programu mbaya nyingine yoyote: data inakwisha, salio linapungua, SMS zinatumwa ambazo hukutuma. Septemba 2017 Trend Micro walieleza kuhusu ZNIU, programu hasidi ya kwanza ya Android kutumia Dirty COW. Ilijificha ndani ya michezo na programu za picha za ngono, ikapata root, kisha ikawachuna watumiaji walioko China kupitia malipo ya SMS. Kwa simu ya mtumba ambayo mtengenezaji wake ameshaiacha, kuifuta na kurudisha hali ya kiwandani hakutoshi, kwa sababu aliyepata root anaweza kujichimbia kwenye sehemu ambayo kufuta hakuifikii. Isakinishie mfumo rasmi upya kutoka kwenye kompyuta, na hata hapo usiweke ndani yake huduma ya pesa wala benki. Redio na tochi zitatosha.

## Dalili: Dirty COW imezibwa, skana inataja CVE-2017-1000405

Hii si ileile. Kiraka cha 2016 kilikuwa sahihi kwa kurasa za kawaida, lakini kilipohamishiwa kwenye kurasa kubwa za kumbukumbu kiliacha upenyo: kulikuwa na njia ya kuufanya ukurasa mkubwa uonekane kama nakala iliyoandikwa wakati haijawa. Kampuni ya Bindecy ilitangaza hilo Novemba 2017, na likaitwa Huge Dirty COW.

Uzito wake ni mdogo kuliko wa kaka yake. Haliwezi kuandika kwenye faili za diski kama `/etc/passwd`. Linafikia ukurasa mkubwa wa sifuri (ukurasa wa pamoja uliojaa sifuri tupu) na baadhi ya kumbukumbu za pamoja, na madhara yanayoonekana ni programu zinazotegemea sifuri hizo kuanguka ovyo. Kwa hiyo ukiona programu zisizohusiana zinaanguka kwa wakati mmoja kwenye mashine ya watumiaji wengi, na kerneli ni ya kabla ya mwisho wa 2017, lizingatie. Dawa ni kerneli mpya. Kama huwezi kuiwasha mashine leo, zima ukurasa mkubwa wa sifuri:

    echo 0 > /sys/kernel/mm/transparent_hugepage/use_zero_page

Agizo hili nalo halivuki kuwasha upya, kwa hiyo liweke kwenye `/etc/rc.local` mpaka siku ya matengenezo ifike.